Lugha ya Zoezi la Kemia: Uhakiki wa Matini za Mimumunyo na Msawazo katika Kiswahili

1. Utangulizi

Lugha ya sayansi katika Kiswahili imezoeleka kuhakikiwa kwa kuhesabu istilahi zake. Mhakiki huuliza kama neno lipo, kama mzizi wake ni wa Kibantu, wa Kiarabu au wa Kizungu, na kama chombo chenye mamlaka kimelipitisha. Uhakiki wa namna hiyo una manufaa yake. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990, isingepatikana bila kazi hiyo ya kukusanya na kuchuja maneno. Hata hivyo, mwanafunzi wa kemia hasomi orodha ya maneno. Anasoma zoezi. Nalo zoezi ni matini kamili: lina mwanzo, lina hali inayobadilika, lina swali, na lina msomaji anayetakiwa kutenda jambo.

Makala haya yanahakiki lugha ya zoezi hilo katika uwanja mmoja tu, yaani mimumunyo na msawazo wa kikemia, kama unavyofundishwa katika miaka ya kwanza ya chuo. Uwanja huu umechaguliwa kwa sababu hesabu zake si ngumu kupita kiasi. Anayejua kutafuta kipeo cha pili na logi anaweza kuzimaliza. Ugumu wake umo katika kuelewa sentensi kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa hesabu. Hoja inayotetewa ni kwamba, katika matini za aina hii, udhaifu mkubwa wa Kiswahili kinachotafsiriwa hautokani na upungufu wa istilahi. Unatokana na matumizi mabaya ya kitenzi, ilhali kitenzi ndicho hazina kubwa kuliko zote ya lugha yenyewe.

Jambo hili lina uzito wake katika Kongo. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Kemia ya chuo hufundishwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo maelezo ya kemia kwa Kiswahili karibu daima huwa tafsiri, iwe ya maandishi au ya mdomo, kama vile mwanafunzi anapomweleza mwenzake zoezi nje ya darasa. Tanzania nayo haikuepuka hali hiyo: ingawa elimu ya msingi ilianza kutolewa kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1960, na ingawa tume ya rais ya mwaka 1982 ilipendekeza sekondari nazo zihamie Kiswahili kuanzia mwaka 1985, pendekezo hilo halikutekelezwa. Mifano ya sentensi inayohakikiwa hapa chini imetungwa kwa ajili ya uchambuzi, kwa kufuata mwenendo wa tafsiri hizo.

2. Kuyeyuka na kumumunyika

Hapana budi kuanza na kitenzi cha kwanza kabisa cha uwanja huu. Katika mazungumzo ya kila siku, sukari huyeyuka ndani ya chai, barafu huyeyuka juani, na shaba huyeyuka tanuruni. Kitenzi kimoja kinabeba matukio mawili yasiyofanana. Barafu na shaba hubadili hali kwa nguvu ya joto, na kila moja hubaki peke yake. Sukari haibadilishwi na joto: chembe zake husambaa miongoni mwa chembe za maji, na bila maji hakuna kinachotokea. Chumvi ya kupikia inaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, lakini gramu zipatazo 36 hupotea katika gramu 100 za maji ya kawaida bila moto wowote.

Wataalamu wa istilahi walitenganisha matukio hayo kwa kukichukua kitenzi kumumunya. Kwa asili kitenzi hiki humaanisha kukiweka kitu laini kinywani na kukinyonya hadi kiishe bila kukitafuna. Kutokana nacho yamepatikana mmumunyo, kumumunyika, kumumunyisha na umumunyikaji. Wapo wanaoliona neno hili kuwa la kitoto. Lawama hiyo haina msingi. Taswira ya peremende kinywani ina sifa zote zinazotakiwa: kuna kitu kigumu, kuna majimaji, hakuna moto, na ladha inaenea kote. Ni istilahi chache za kigeni zinazoeleza jambo kwa uaminifu kiasi hicho.

Katika Katanga tofauti hii haihusu madarasa tu. Historia ya shaba ya huko ni historia ya vitenzi hivyo viwili. Wafuaji wa kale waliochoma malakiti kwa makaa na kumimina misalaba ya shaba walikuwa wakiyeyusha. Tanuru la Lubumbashi, lililotoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, lilikuwa likiyeyusha. Lakini mitambo ya Shituru huko Likasi, iliyoanza mwaka 1929, na ile ya Luilu huko Kolwezi, iliyoanza mwaka 1960, ilijengwa juu ya kazi nyingine: madini husagwa, hutiwa katika asidi ya salfuriki, na shaba hupita katika mmumunyo kabla ya kuvutwa kwa umeme. Malakiti inapokutana na asidi hiyo, hutokea mmumunyo wa salfeti ya shaba, maji, na gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwa mapovu. Matini inayosema kwamba madini "huyeyushwa katika asidi" humpeleka msomaji tanuruni, na humfanya atafute joto mahali ambapo angetafuta ukolezo. Hapa kosa la neno ni kosa la kemia.

3. Usawa wa nini?

Istilahi ya pili ndiyo kiini cha uwanja wenyewe. Yale yanayoitwa équilibre katika vitabu vya Kifaransa yameelezwa kwa Kiswahili kwa maneno kadhaa: usawa, mizani, urari, msawazo. Yote yanaeleweka. Si yote yanayofaa.

Usawa humaanisha hali ya vitu kuwa sawa. Tuchukue asidi ya asetiki, ile iliyomo ndani ya siki. Molekuli zake chache huachana na kutoa ioni za hidrojeni na ioni za asetati. Ioni hizo nazo hukutana na kuungana tena. Zoezi la kawaida hutoa mmumunyo wenye ukolezo wa molari 0,10 na namba thabiti ya 1,8 × 10⁻⁵, kisha huuliza pH. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba asidi na ioni zake "zimefikia usawa" ana haki ya kudhani kwamba viasi vimekuwa sawa: nusu asidi, nusu ioni. Akifuata dhana hiyo atapata ukolezo wa 0,050 wa ioni za hidrojeni, na pH ya 1,3. Jibu sahihi liko mbali na hapo. Ukolezo wa ioni za hidrojeni ni takribani 1,3 × 10⁻³, yaani molekuli kama 13 tu katika kila 1000 ndizo zilizoachana, na pH ni 2,87. Hakuna dosari katika hesabu ya mwanafunzi huyo. Alisoma neno na akaliamini.

Urari nao hutoka katika daftari la mhasibu, ambamo jumla ya upande mmoja lazima ilingane na jumla ya upande wa pili. Mizani hutoa picha ya sahani mbili zilizotulia zikiwa na uzito uleule. Ni vema kukumbuka kwamba Kifaransa hakina usafi zaidi katika jambo hili. Neno lake limetokana na Kilatini, na ndani yake mna mizani hiyohiyo. Kwa hiyo anayetafsiri kwa uaminifu huhamisha kosa la zamani pamoja na neno.

Msawazo una faida, ingawa mzizi wake ni uleule wa usawa. Kiambishi u- katika usawa huunda jina la hali. Jina msawazo limetokana na kitenzi kusawaza, na kwa hiyo limehifadhi ndani yake tendo. Msomaji anaweza kuuliza: ni nini kinachosawazishwa? Jibu la kemia ni kwamba kinachosawazishwa ni kasi. Kwa muda uleule, molekuli zinazoachana ni nyingi kama zile zinazorudi kuungana. Mfano wa kivuko unatosha kulieleza jambo hili. Ng'ambo moja ya mto inaweza kuwa na watu 1000 na ng'ambo ya pili watu 13. Ikiwa kila saa wanavuka watano kwenda na watano kurudi, hesabu ya kila ng'ambo haitabadilika, wala hakuna atakayesema kwamba ng'ambo hizo ni sawa.

Lawama kama hiyo inauhusu usemi mmumunyo ulioshiba, unaotumiwa kwa mmumunyo usioweza kupokea chumvi zaidi. Aliyeshiba huacha kula. Mmumunyo huo hauachi: chumvi iliyo chini ya chombo huendelea kumumunyika, na ioni huendelea kurudi na kuganda juu yake, kwa kasi ileile. Usemi huo unaweza kubaki, kwa kuwa ni mzuri na unakumbukika, mradi matini isiuache bila kitenzi kinachoonyesha kwamba kazi inaendelea.

4. Magadi na asili ya wazo

Wanaodhani kwamba msawazo ni wazo geni lisiloweza kupata makao katika lugha ya Kiafrika wangefaidika kwa kuitazama historia yake. Mwishoni mwa karne ya 18 wanakemia wengi waliamini kwamba vitu viwili vikiwa na mvuto wa kuungana, huungana, basi. Claude Louis Berthollet alifika Misri mwaka 1798 pamoja na msafara wa Napoléon. Huko aliona maziwa ya natroni jangwani, ambayo kingo zake zilikuwa zimefunikwa na kaboneti ya sodiamu. Katika maabara, kaboneti ya sodiamu ikichanganywa na kloridi ya kalsiamu hutoa chokaa na chumvi ya kawaida. Kandokando ya maziwa hayo jambo lilikuwa limekwenda kinyume: chumvi nyingi ya maji ilikuwa imetendana na mawe mengi ya chokaa, na natroni ikazaliwa. Berthollet alihitimisha kwamba wingi wa vitu unaweza kuugeuza mwelekeo wa mmenyuko, na alilieleza wazo hilo kwa upana katika kitabu chake cha mwaka 1803.

Natroni hiyo, Waswahili huiita magadi. Neno hilo limo jikoni, kwa kuwa magadi hulainisha maharage, na limo katika jina la Ziwa Magadi la Kenya. Mwalimu anayeanza somo la msawazo kwa magadi hapambi somo kwa mambo ya nyumbani. Anaanza pale ambapo wazo lenyewe lilianza.

Historia inayofuata ina funzo kwa wanaoshughulika na lugha. Cato Guldberg na Peter Waage walipotangaza kanuni ya uhusiano wa viasi mwaka 1864, waliiandika kwa Kinorwe, na wachache waliisoma. Walirudia kwa Kifaransa mwaka 1867, na kwa Kijerumani mwaka 1879. Jacobus van 't Hoff, Mholanzi, alichapisha kwa Kifaransa mwaka 1884 kitabu ambamo alitumia mishale miwili inayoelekeana mahali pa alama ya kulingana. Matukio haya yanathibitisha mambo mawili kwa pamoja. Kanuni kubwa inaweza kufikiriwa na kuandikwa kwanza katika lugha yenye wasomaji wachache. Aidha, kubaki katika lugha hiyo peke yake hakutoshi. Anayetetea kemia ya Kiswahili hana sababu ya kukikataa Kifaransa, wala anayekifundisha Kifaransa hana sababu ya kuiona kemia ya Kiswahili kuwa mchezo.

5. Kitenzi cha zoezi

Mishale miwili ya van 't Hoff inahitaji sarufi. Lugha nyingi za Ulaya huieleza kwa kivumishi kirefu kinachomaanisha "unaoweza kurudi". Kiswahili kina njia fupi zaidi, nayo ni mnyambuliko. Kauli ya kutendana huonyesha kwamba hakuna mtenda mmoja: asidi na maji hutendana. Kauli ya kutendua hutoa jozi za vitenzi zinazopingana kwa silabi moja: kufunga na kufungua, kuganda na kugandua. Kauli ya kutendeka huonyesha tukio lisilo na mkono wa mtu: hufungika, hufunguka, humumunyika. Sentensi "ioni hufungana na kufunguka kwa kasi ileile" inasema yote ambayo mishale miwili inasema, na haihitaji kivumishi chochote. Pamoja na hayo, matini za tafsiri hupendelea kusema "mmenyuko huu ni wa kurudika," kwa sababu mfasiri ametafuta neno la kuliweka mahali pa neno, na hakutafuta kitenzi cha kuyaeleza matukio.

Kosa la pili linahusu njeo. Fikiria sentensi hii: "Mmenyuko uliendelea hadi ukasimama, ndipo msawazo ukapatikana." Kisarufi haina ila. Njeo ya -li- ikifuatwa na -ka- ni njia ya hadithi, na hadithi huisha. Lakini msawazo si mwisho wa hadithi. Kinachosimama ni mabadiliko ya viasi, yaani kile ambacho jicho na kipimo huona; matendo yenyewe hayasimami. Hapa panafaa -me- kwa hali iliyofikiwa, pamoja na hu- kwa matendo yasiyokoma: "Viasi vimetulia, molekuli huachana na kuungana."

Kosa la tatu ni la hila zaidi, na linahusu jedwali ambalo kila mwanafunzi hulichora: safu ya mwanzo, safu ya badiliko, safu ya msawazo. Katika safu ya kwanza huandikwa kwamba asidi ina ukolezo wa 0,10 na ioni zake sifuri. Matini nyingi hueleza safu hiyo kwa -li-: "Mwanzoni asidi ilikuwa 0,10." Mwanafunzi makini anaweza kuuliza: mwanzo huo ulikuwa lini? Asidi ilipoguswa na maji tu, kuachana kulianza. Hakuna wakati ambao mtu angeweza kuchovya kipimo na kukuta asidi yote ikiwa haijaachana. Safu ya kwanza ni dhana tu, na njeo yake halali ni ya -nge-: "Kama asidi isingeachana hata kidogo, ukolezo wake ungekuwa 0,10." Mwalimu anayeiandika hivyo atakuwa ameondoa fumbo ambalo wanafunzi wengi hulibeba kimyakimya, kwa sababu wanatakiwa kuanza na hali ambayo haikuwahi kuwapo bila kuambiwa kwamba ni ya kudhaniwa.

Kosa la nne ni kuvipa vitu utu. Kanuni ya Henry Le Chatelier ya mwaka 1884 hutafsiriwa kwa urahisi hivi: "Mmumunyo hujitetea dhidi ya badiliko." Usemi huu unavutia, lakini anayejitetea vizuri hurudisha mambo yalivyokuwa. Tukiongeza asetati ya sodiamu katika asidi iliyotajwa juu, hadi ukolezo wake nao uwe 0,10, ioni za hidrojeni hupungua kutoka takribani 1,3 × 10⁻³ hadi 1,8 × 10⁻⁵, yaani zaidi ya mara 70. Asetati iliyoongezwa haikufutwa. Sehemu kubwa sana ingalipo. Mfumo ulisogea upande wa kupunguza badiliko, na haukulibatilisha. Kitenzi kinachofaa ni kupunguza. Ngeli za Kiswahili zinasaidia kuulinda ukweli huu: ioni haina upatanisho wa kiumbe, na hakuna haja ya kuipa "anataka" au "anakataa".

La mwisho ni amri. Vitabu vya Kifaransa mara nyingi huanza swali kwa kitenzi-jina, na mfasiri mvivu huandika: "Kukokotoa pH ya mmumunyo." Katika Kiswahili sentensi hiyo haijaamrisha wala haijauliza. Wengine husahihisha kwa amri kavu, "Kokotoa!", bila kueleza ni nini kinachoendelea chomboni. Suala hili lina historia yake katika Katanga. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, alichunguza vitabu vidogo vya msamiati wa Kiswahili ambavyo Wazungu waliandikiwa ili waweze kuamrisha kazi. Kiswahili cha vitabu hivyo kilikuwa na wingi wa "leta", "beba" na "fanya", na uhaba wa "kwa sababu". Zoezi la kemia linaloamrisha bila kueleza hurudia desturi hiyo bila kukusudia. Humfanya msomaji kuwa mkono wa hesabu, wakati lugha yake inaweza kumfanya ajue anachokihesabu.

6. Zoezi la shaba na kobalti

Uhakiki usioonyesha mfano bora haujakamilika. Zoezi lifuatalo limeandikwa kwa kuzingatia hoja zilizotangulia. Alama ya desimali ni mkato, kama ilivyo desturi ya shule za Kongo, tofauti na nukta ya vitabu vya Dar es Salaam.

"Mmumunyo mmoja una ioni za shaba na ioni za kobalti, zote zenye chaji ya +2, kila moja kwa ukolezo wa molari 0,010. Maji ya chokaa yanatiwa polepole, kiasi kwamba ujazo hauongezeki sana. Ioni za shaba zikikutana na ioni za hidroksidi hufungana na kushuka kama mashapo. Mashapo hayo nayo hufunguka na kurudi katika mmumunyo. Kobalti hufanya vivyo hivyo. Namba thabiti ya umumunyikaji ya hidroksidi ya shaba ni 2,2 × 10⁻²⁰, na ya hidroksidi ya kobalti ni 5,9 × 10⁻¹⁵. Ni ipi itakayotangulia kushuka, na kwa pH gani? Ya pili itakapoanza kushuka, shaba kiasi gani itakuwa ingali katika mmumunyo?"

Hesabu yenyewe ni fupi. Shaba huanza kushuka wakati kipeo cha pili cha ukolezo wa hidroksidi kikizidishwa kwa 0,010 kinapofikia 2,2 × 10⁻²⁰. Ukolezo huo wa hidroksidi ni takribani 1,5 × 10⁻⁹, na pH ni karibu 5,2. Kwa kobalti, ukolezo unaotakiwa ni takribani 7,7 × 10⁻⁷, na pH ni karibu 7,9. Kobalti inapoanza kushuka, shaba iliyobaki katika mmumunyo ni 2,2 × 10⁻²⁰ ikigawanywa kwa 5,9 × 10⁻¹³, yaani takribani 3,7 × 10⁻⁸. Hiyo ni chini ya sehemu moja katika 100.000 ya shaba ya awali. Karibu shaba yote imekwisha kushuka kabla kobalti haijaanza.

Thamani za namba thabiti hutofautiana kutoka jedwali moja hadi jingine, na mmumunyo wa kiwandani una chuma, salfeti na vitu vingine ambavyo zoezi limeviacha. Hata hivyo, mantiki ni ileile inayotumika katika viwanda vya Katanga, ambako shaba inayobaki baada ya kazi ya umeme huondolewa kwa kupandisha pH, ndipo kobalti nayo iangushwe. Msomaji aliyeelewa kitenzi kushuka, kitenzi kufunguka, na njeo ya itakuwa ingali, ameelewa kwa nini viwango viwili vya pH vinaweza kutenganisha metali mbili zilizokuwa ndani ya mmumunyo mmoja. Zaidi ya hayo, ameelewa kwa Kiswahili jambo ambalo ndugu au jirani yake huenda analifanya kila siku kwa mikono.

Zoezi hili halikuhitaji istilahi mpya hata moja. Maneno mmumunyo, ukolezo, mashapo na umumunyikaji tayari yapo. Yaliyoongezwa ni sentensi chache tu za kueleza matukio, na swali la mwisho lenye njeo inayostahili. Ni kweli kwamba matini imekuwa ndefu kuliko ile ya Kifaransa. Urefu huo si kasoro. Kifupi cha Kifaransa humtegemea msomaji aliyekwisha kusoma kurasa mia za maelezo kwa lugha hiyo. Matini ya Kiswahili bado haina kurasa hizo nyuma yake, na kwa sasa zoezi lenyewe lazima libebe sehemu ya mzigo wa kitabu.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba istilahi nzuri ni lazima, lakini hazitoshi. Neno mmumunyo limefaulu kwa sababu taswira yake ni ya kweli. Usawa limeshindwa kwa sababu linaahidi ulinganifu wa viasi usiokuwapo. Msawazo linafaa, mradi kitenzi kilicho ndani yake kiendelee kusikika katika sentensi zinazolizunguka. Makosa yaliyobaki, yaani hadithi inayoisha mapema, mwanzo wa kudhaniwa unaosimuliwa kama tukio, mmumunyo unaojitetea, na amri isiyo na maelezo, yote ni makosa ya matini, na hakuna kamusi inayoweza kuyaponya.

Kutokana na hayo, idara za Kiswahili zina wajibu ambao hauwezi kuachiwa wanakemia peke yao. Mwanakemia anajua kinachotokea chomboni. Mwanaisimu anajua tofauti ya -li- na -nge-. Inafaa wakae pamoja juu ya mazoezi machache, kumi au ishirini, yaliyoandikwa kikamilifu pamoja na majibu yake, na kuwapa wanafunzi wayasome bila matini ya Kifaransa kando. Kipimo cha kufaulu kiwe kimoja: mwanafunzi aweze kuandika mstari wa kwanza wa hesabu bila kurudi kwanza kwenye Kifaransa. Pale atakaposhindwa, itafutwe sentensi iliyomkwamisha kabla ya kulaumiwa neno, na sentensi hiyo iandikwe upya.